Dalali aliyekwenda kuonyesha nyumba Fulham

Jumatatu ya tarehe 28 Julai 1986, saa sita na dakika arobaini mchana, binti wa miaka 25 aitwaye Suzy Lamplugh alitoka katika ofisi ya mawakala wa nyumba aliyokuwa akifanyia kazi huko Fulham, magharibi mwa London. Alichukua funguo na pochi ya fedha, akauacha mkoba wake ofisini kama afanyavyo mtu anayejua kwamba atarudi baada ya muda mfupi. Katika shajara yake ya kazi alikuwa ameandika mstari mmoja wenye saa, jina na mahali: saa saba kasorobo, Mr Kipper, nyumba nambari 37 Shorrolds Road, pamoja na herufi mbili za kuonyesha kwamba wangekutana nje ya nyumba. Hakurudi ofisini wala nyumbani, na mwili wake haujapatikana mpaka leo.

Mimi ni dalali wa nyumba hapa Dar es Salaam. Ninafanya kazi zaidi Sinza, Kijitonyama na Mwenge, na siku hizi, kwa kuwa wapangaji wengi wanasogea pembezoni kutafuta nafuu ya kodi, ninafika hadi Goba na Mbezi. Walioandika habari hii hupenda kumtaja Suzy kwa cheo chake cha ofisini. Mimi namhesabu kuwa dalali mwenzangu, kwa sababu alichokuwa anakwenda kufanya mchana ule ndicho ninachokwenda kufanya mimi karibu kila siku ya kazi: kukutana na mtu nisiyemfahamu, kumfungulia mlango wa nyumba isiyo na mtu, kuingia naye chumba baada ya chumba, tena kwa bashasha, maana dalali aliyenuna hapangishi. Ndiyo maana nilipoanza kuisoma habari yake sikuvutwa sana na fumbo la Mr Kipper, ambalo limewashughulisha Waingereza kwa takriban miaka 40. Nilivutwa na saa zilizopita kabla mtu yeyote hajaanza kumtafuta.

Yafaa niseme kwamba mwaka ule kazi ya Suzy isingeeleweka kirahisi hapa kwetu. Katika Dar es Salaam ya 1986, mwanzoni mwa utawala wa Mzee Mwinyi, majengo mengi ya kupangisha ya katikati ya mji yalikuwa mikononi mwa Msajili wa Majumba tangu utaifishaji wa mwaka 1971, na mengine yalikuwa ya Shirika la Nyumba la Taifa. Aliyetaka chumba Kariakoo au Ilala alikipata kwa ndugu, kwa mtu wa kwao, au kwa kumlipa kilemba mpangaji anayehama. Televisheni ilikuwa bado haijaanza Tanzania Bara, kwa hiyo picha ya Suzy, ile iliyokuwa ikionyeshwa Uingereza kila jioni, haikuonekana katika sebule za kwetu. Fulham, kwa upande wake, ilikuwa katika msimu wa nyumba kupanda bei, vijana wenye mishahara mizuri ya mjini wakinunua na kuuza, na ofisi za mawakala zikiajiri vijana wachangamfu na kuwapa magari ya kuzungukia. Suzy, ambaye kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi ya urembo katika meli ya abiria ya Queen Elizabeth 2, alikuwa mmoja wao, na gari lake la kazi lilikuwa Ford Fiesta nyeupe.

Basi alitoka kabla ya saa saba mchana, na meneja wake alifikisha taarifa ya kupotea kwake polisi saa moja kasorobo jioni. Kati ya nyakati hizo mbili kuna muda wa saa sita, na kwa maoni yangu kesi nzima ilipotelea humo. Sisemi hivi ili kuwalaumu watu wa ofisi ile, kwa kuwa naijua kazi. Mwalimu asipoingia darasani, wanafunzi watapiga kelele mpaka mwalimu mkuu asikie. Muuguzi asiporudi wodini, wagonjwa watauliza. Karani wa benki akiacha dirisha lake, foleni itanung'unika. Dalali asiporudi ofisini, wenzake husema amepata mteja mzuri. Miadi moja huzaa nyingine, mteja akiikataa nyumba ya kwanza hupelekwa ya pili, na mtu anayezunguka mjini mchana kutwa ndiye anayehesabiwa kuwa anafanya kazi. Kutoonekana kwake ndiyo dalili ya bidii. Simu za mkononi zilikuwa bado si kitu cha kila mtu, kwa hiyo hapakuwa hata na namna ya kumuuliza amefika wapi. Walipoanza kuingiwa na wasiwasi, mchana ulikuwa umekwisha, na mtu aliyekuwa na nia mbaya, kama alikuwepo, alikwishapewa nafasi ya kuvuka nusu ya nchi yao.

Usiku huo, yapata saa nne, gari lake lilikutwa limeegeshwa Stevenage Road, mwendo wa kama maili moja kutoka Shorrolds Road. Mashabiki wa soka wa hapa kwetu wanaufahamu mtaa huo bila kujijua, kwa sababu ndiko uliko uwanja wa Craven Cottage wa klabu ya Fulham. Mlango wa dereva haukuwa umefungwa kwa ufunguo, breki ya mkono haikuwa imevutwa, ufunguo wa gari haukuwepo, na pochi yake ya fedha ilikuwa imebaki katika mfuko wa mlango. Dereva anayeacha gari bila kuvuta breki, na pochi ikiwa ndani, ama ana haraka isiyo ya kawaida ama si mwenye gari. Polisi waliisoma hali ile hivyo, na sioni namna nyingine ya kuisoma.

Ushahidi wa watu ndio uliovuruga mambo. Jirani wa Shorrolds Road alieleza kwamba aliona mwanamume na mwanamke nje ya nyumba nambari 37 mchana ule, wakiitazama nyumba kama wafanyavyo watu wanaotaka kununua. Mwanamume huyo alielezwa kuwa nadhifu, mwenye suti ya rangi nzito, na maelezo yake yakatumika kuchora sura iliyosambazwa kila mahali. Mwanamke mwingine, aliyemfahamu Suzy, alisema alimwona akiendesha gari katika Fulham Palace Road, akiwa na mwanamume pembeni, karibu saa tisa kasorobo. Lakini shahidi wa Stevenage Road alisema gari lile jeupe lilikuwa limekwisha kuegeshwa pale tangu majira ya saa saba mchana. Kauli hizo mbili za mwisho haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Ama aliyemfahamu Suzy aliona gari lingine na sura nyingine, ama wa Stevenage Road alichanganya saa au siku, ama gari liliondolewa likarudishwa. Wapelelezi walilazimika kuchagua, na kila waliyemchagua alibadilisha ramani yote ya mchana ule.

Na hapo ndipo linapoingia jina la Mr Kipper. Hata kwa Waingereza wenyewe hilo si jina la ukoo unalokutana nalo kila siku, na kwa sababu hiyo lilishika vichwa vya habari na halijaachia. Walitafutwa wenye jina hilo na wenye majina yanayofanana nalo, ikafikiriwa kwamba Suzy alilisikia vibaya kwenye simu akaliandika alivyolisikia, ikafikiriwa kwamba ni jina la bandia la mtu mwenye dhihaka. Madalali wa Dar es Salaam hawawezi kulishangaa jambo hili. Katika simu yangu wateja hawaandikwi kwa majina bali kwa wanachokitafuta: Mteja Masta Sinza, Mteja Chumba Sebule Tabata, Mteja Fremu Mwenge. Wapo waliojitambulisha kuwa Baba Fulani, wapo waliojitambulisha kwa jina la kwanza tu, na sijawahi kuona dalali akimnyima mtu miadi kwa sababu jina lake halieleweki. Jina katika daftari la dalali ni la kumkumbushia biashara, na halikukusudiwa kamwe kuwa ushahidi.

Iko dhana nyingine ambayo kwangu ina uzito kuliko wanavyoipa wengi, ingawa sisemi kwamba ndiyo kweli. Siku chache kabla ya kupotea, Suzy alikuwa amepoteza kitabu chake cha hundi na shajara yake ndogo ya mfukoni, na vitu hivyo viliokotwa katika baa moja upande wa Putney, ng'ambo ya mto Thames. Alikwisha kuwasiliana na watu wa baa, na alikuwa amepanga kuvifuata. Wapo wanaosema kwamba huenda miadi ya Mr Kipper haikuwepo kabisa, na kwamba mstari ule katika shajara ya kazi uliandikwa ili apate ruhusa ya kutoka mchana akashughulikie mambo yake. Anayecheka dhana hii hajawahi kufanya kazi ya kuonyesha nyumba. "Nampeleka mteja" ni maneno ambayo hayahojiwi, na katika ofisi yoyote ya namna hiyo yamewahi kufunika safari za saluni, za benki na za kumpeleka mtoto kliniki. Polisi wa London hawakuikubali njia hiyo. Wao wanaamini kwamba Suzy alifika Shorrolds Road akakutana na mtu. Lakini tazama matokeo yake: ikiwa mstari ule ulikuwa wa kisingizio, basi juhudi kubwa ya upelelezi ilimfuata mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, ilhali yule wa kweli alikuwa mahali pengine bila kuulizwa swali.

Kuhusu magazeti ya wakati ule nitasema kidogo, kwa kuwa yananikera. Yaliyachimba maisha ya Suzy ya mapenzi, yakahesabu marafiki zake wa kiume, yakaujadili urembo wake kana kwamba jibu limefichwa humo. Tabia hiyo tunayo pia. Binti asipoonekana mtaani kwetu, neno la kwanza huwa ni kwamba atakuwa kwa bwana, la pili ni kwamba atarudi akiishiwa, na iko imani iliyoenea kwamba polisi hawapokei taarifa mpaka zitimie saa 24. Kwa jinsi hiyo muda wa kutafuta unaliwa na muda wa kuteta.

Jina ambalo polisi walilitaja hatimaye ni la John Cannan. Mtu huyu alikuwa amefungwa kwa kosa la ubakaji, na siku tatu kabla ya Suzy kupotea aliachiwa kutoka hosteli ya wafungwa wanaokaribia kumaliza vifungo, katika gereza la Wormwood Scrubs, ambalo haliko mbali na Fulham. Mwaka 1987 alimteka na kumuua mwanamke mmoja huko Bristol, na mwaka 1989 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2002, baada ya uchunguzi kufunguliwa upya, polisi wa London walitangaza hadharani kwamba wanaamini yeye ndiye aliyemuua Suzy, lakini waendesha mashtaka waliona ushahidi hautoshi kumfikisha mahakamani. Ilisemekana kwamba gerezani aliwahi kuitwa kwa jina la utani la Kipper. Yeye alikana hadi mwisho, na Novemba 2024 alikufa akiwa bado kifungoni. Nina mashaka na desturi ya polisi kumtangaza mtu kuwa muuaji bila kesi, hata mtu wa aina ile, kwa sababu baada ya tangazo kama hilo kila anayekumbuka jambo lolote atalikumbuka kwa sura iliyotangazwa.

Walichimba mara nyingi. Walichimba katika eneo la iliyokuwa kambi ya jeshi huko Worcestershire. Mwaka 2018 walifukua bustani ya nyumba iliyowahi kuwa ya mama yake Cannan huko Sutton Coldfield, wakavunja na sakafu ya banda la gari. Mwaka 2019 wakaenda kwenye shamba karibu na Pershore. Hawakupata kitu kinachomhusu Suzy.

Mwaka 1993, miaka 7 baada ya kupotea, alitangazwa rasmi kuwa amekufa na kwamba inadhaniwa aliuawa. Kwetu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaweka muda mfupi zaidi: mtu asiposikika kwa miaka 5 na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake, mahakama inaweza kumchukulia kuwa amefariki, mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Sheria inahitaji ukomo wa namna hiyo kwa sababu kuna ndoa zinazosubiri, mirathi inayosubiri, viwanja vyenye jina la asiyekuwepo. Familia hazihesabu hivyo. Nimewajua watu wa Temeke ambao mahakama ilikwisha kuwapa walichoomba, na bado mama wa nyumba ile hakukubali kuwekwa khitma wala kusaliwa swala ya ghaibu, akisema kwamba hawezi kumsalia mtoto ambaye huenda anakula chakula cha mchana mahali fulani. Wazazi wa Suzy walikuwa na kanisa lao East Sheen, na humo kuna dirisha la vioo vya rangi lililowekwa kwa kumbukumbu yake, kwa kuwa kaburi hakuna. Mama yake, Diana, alifariki mwaka 2011, na baba yake, Paul, mwaka 2018, bila kuambiwa binti yao yuko wapi.

Wazazi hao walifanya jambo ambalo nimelifikiria zaidi kuliko Mr Kipper. Kabla mwaka 1986 haujaisha, miezi michache tu baada ya msiba usio na maiti, walianzisha taasisi yenye jina la Suzy Lamplugh Trust, ambayo kazi yake haikuwa kumtafuta muuaji bali kuwafundisha watu usalama wa mtu binafsi kazini. Diana aliwaendea waajiri akiwauliza maswali ya kawaida kabisa: mfanyakazi wako akitoka, nani anajua amekwenda wapi, na nani, na atarudi saa ngapi; na asiporudi saa hiyo, nani ana wajibu wa kuuliza? Taasisi hiyo ilikuwa miongoni mwa waliodai teksi ndogo za London ziwe na leseni, jambo lililopata sheria yake mwaka 1998, na tangu 2010 inaendesha simu ya msaada kwa watu wanaofuatwafuatwa na kunyemelewa. Kwa hiyo kuna watu wengi nchini mwao wanaofuata taratibu zilizotokana na kupotea kwake bila hata kulijua jina lake.

Sasa niyaweke maswali ya Diana mbele ya kazi yetu. Dalali wa Dar es Salaam hana ofisi; ofisi yake ni simu, kivuli cha mwarobaini na jiwe la kukalia karibu na kituo cha bodaboda. Hana meneja wa kuingiwa na wasiwasi saa kumi na mbili jioni. Mteja anapiga simu, mnakubaliana kukutana Afrika Sana au Mwenge, anakulipa ile elfu kumi au elfu ishirini ya kupelekwa kuona nyumba, mnapanda bajaji. Wateja wenye kazi wanataka kuja baada ya saa za kazi, na kwa foleni za Barabara ya Bagamoyo na ya Sam Nujoma wanafika jua limezama. Nyumba iliyo wazi mara nyingi haina umeme, kwa sababu mpangaji aliyehama alimaliza uniti zake za LUKU na mwenye nyumba haoni sababu ya kununua nyingine kabla hajapata mtu. Mnaingia na tochi za simu. Huko Goba na Bunju nyumba nyingine ziko peke yake katikati ya viwanja ambavyo bado ni vichaka, na mlinzi, kama yupo, amekwenda kula.

Hatari hii haiko upande wa dalali peke yake. Mabinti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaotafuta vyumba Changanyikeni na Makongo hufuata mtu anayejiita dalali, ambaye hawajui anakaa wapi, hadi ndani ya uzio wenye geti linalofungwa kwa ndani. Mteja wa kike ananitazama mimi kwa mashaka yaleyale ninayomtazama nayo mteja wa kiume, na nadhani ana haki zaidi yangu, kwa sababu mimi angalau ninaijua njia ya kutokea.

Dalali mwenzangu mmoja, mtu mzima ambaye amefanya kazi hii tangu Sinza ikiwa na viwanja vitupu, alinisikiliza nikieleza habari ya Suzy akatikisa kichwa. "Dada'angu," akasema, "huko watu hawajuani. Hapa ukiingia nyumba na mtu, mama ntilie kakuona, mlinzi kakuona, watoto wanaocheza nje wamekuona. Utapoteaje?" Nilimjibu, "Kaka, na Shorrolds Road walimwona." Walimwona jirani, rafiki na wapita njia, kila mmoja kwa saa yake, na mkusanyiko wa macho hayo yote haukutosha kueleza saa moja ya mchana ule. Macho ya mtaa husaidia pale tu panapokuwa na mtu anayeyauliza mapema, kabla aliyeona kitu saa nane hajaanza kuamini kwamba alikiona saa kumi.

Ni kweli kwamba tuna alama nyingi kuliko alizokuwa nazo Suzy. Tangu Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, kwa hiyo nyuma ya kila namba kuna kitambulisho cha taifa cha mtu fulani. Madalali tumelifanya jambo hili kuwa chombo cha kazi: naingiza namba ya mteja kana kwamba ninataka kumtumia fedha, jina la aliyeisajili laini linatokea kabla sijaweka namba ya siri, kisha nasitisha. Mr Kipper wa leo angejulikana kwa sekunde kumi, au angalau ningejua kwamba aliyejiita Joseph anatumia laini ya mwanamke aitwaye kwa jina jingine kabisa, jambo ambalo hutokea mara nyingi na mara nyingi halina ubaya wowote. Lakini alama hizi zote ziko kwa kampuni za simu, na zitatolewa kwa polisi wakiwa na jalada. Zinasaidia kumjua aliyenidhuru. Hazimfanyi mtu yeyote ashtuke saa nane mchana kwamba sijapokea simu.

Dawa inayojulikana na kila mtu ni kwenda wawili, na sababu ya kutokwenda wawili nayo inajulikana na kila mtu: fedha. Udalali ni kodi ya mwezi mmoja, na katika hiyo tayari yumo dalali wa mtaa aliyekuambia kwamba nyumba ipo, na pengine mlinzi aliyeshika funguo. Chumba cha laki moja na nusu kikigawanywa kwa watu watatu kinaacha kitu kidogo, na wa nne hana pa kukaa. Ofisi ya Fulham nayo, nadhani, ilimtuma mtu mmoja kwa sababu hiyohiyo, kwamba wawili kwa nyumba moja ni hasara.

Kwa hiyo sisi madalali watatu wa kike tumeweka utaratibu wetu, ambao hauhitaji kwenda wawili. Anayetoka humtumia mwenzake jina lililotokea kwenye simu, namba, mahali nyumba ilipo na saa ya kumaliza. Anayebaki hupiga simu saa hiyohiyo. Iko sentensi ya kuulizia karatasi fulani ambayo, ikijibiwa kwa namna tuliyokubaliana, maana yake mambo si mazuri, na sentensi yenyewe bila shaka sitaiandika hapa. Simu isipopokewa mara ya pili, anayebaki humpigia mwenye nyumba au mlinzi, kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha anakwenda kituo cha polisi kuchukua RB mchana huohuo bila kungoja jioni. Kilichotuchukulia muda ni malipo, maana kukaa ukiitazama saa kwa ajili ya biashara ya mwenzako nayo ni kazi. Tumekubaliana kwamba anayebaki alipwe elfu tano, nyumba ipangishwe isipangishwe. Mmoja wetu bado anaona ni nyingi, na kila panapokuwa na miadi ya Goba tunaanza upya kubishana kama nauli ya bodaboda ya kumfuata asiyepokea simu imo ndani ya hiyo elfu tano au iko nje yake.